Kufundisha Nishati kwa Ndege Asiyepiga Mbawa

Katika maandalio ya masomo ya sayansi ambayo wanachuo hutuletea kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, sentensi moja huonekana karibu kila mwaka: hewa ikipata joto hutanuka, huwa nyepesi, na hupanda juu. Sentensi hiyo ni sahihi. Huandikwa ubaoni, wanafunzi huinakili, huisoma kwa sauti moja, na siku ya mtihani huirudisha kama walivyoipokea. Maoni yetu ni kwamba, pamoja na usahihi wake wote, sentensi hii inafundishwa vibaya. Tena hapa Mwanza hatuna sababu ya kuifundisha vibaya, kwa kuwa ushahidi wake huzunguka juu ya mapaa ya shule zetu karibu kila siku isiyo na mvua, kuanzia yapata saa nne asubuhi.

Tunasema juu ya mwewe. Tunasema pia juu ya wale korongo wakubwa wenye kipara na mfuko wa ngozi shingoni, ambao hushinda majalalani na kwenye masoko ya samaki kama Kirumba Mwaloni. Asubuhi mapema korongo hawa husimama kimya kama wazee barazani. Wakilazimika kuruka saa hizo, hupiga mbawa kwa taabu na kutua karibu. Lakini jua likishapanda, mmoja huinuka, hupiga mbawa mara chache, hutandaza mbawa zake, huanza kuzunguka, na baada ya dakika chache huwa alama ndogo nyeusi angani. Tangu alipoanza kuzunguka hakupiga mbawa tena. Je, nguvu za kumpandisha alizitoa wapi?

Ukiwauliza wanafunzi wa Darasa la Tano kwa nini mwewe anazunguka, wengi watajibu kwamba anatafuta vifaranga. Jibu hilo si la kudharauliwa, maana mama zao humfukuza mwewe kwa ajili hiyo hiyo. Ukiwauliza tena mbona hapigi mbawa na bado anazidi kwenda juu, darasa litanyamaza kidogo, kisha mmoja atasema, "Upepo unambeba." Hoja yetu katika makala hii inahusu namna mwalimu anavyolipokea jibu hilo. Wako walimu wanaolikubali na kusonga mbele. Wako wanaolikataa kwa kuwa halifanani na lile lililoandikwa katika kiongozi cha mwalimu. Wote wawili, kwa maoni yetu, wanapoteza kitu cha thamani kubwa kuliko zana yoyote waliyoibeba kuja nayo darasani.

Mwaka mmoja tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa katika shule iliyo kandokando ya ziwa, tukimkagua mwanachuo aliyekuwa akifundisha somo hilo hilo la hewa na joto. Wanafunzi walizidi 80. Ubao ulipangwa vizuri, sauti ilisikika, na sentensi ile ilikaririwa. Ndipo mvulana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, na mwewe naye amejaa hewa ya moto?" Darasa likacheka. Mwanachuo akajibu kwamba hilo halimo katika somo la leo, akaendelea. Hatumlaumu sana kijana yule. Karatasi ya kumkagulia ilikuwa na mahali pa kuweka alama za ubao, za sauti, za zana na za kutunza muda. Kwa swali la mwanafunzi haikuwa na mahali. Lakini mtoto yule alikuwa ameifikisha sentensi ya mwalimu mbali kuliko mwalimu mwenyewe. Kama kipandacho ni kile kilichojaa hewa ya moto, basi mwewe naye imempasa kujaa hewa ya moto. Kosa la kufikiri hapo halikuwa la mtoto.

Ili mwanachuo aweze kulijibu swali la namna hiyo, hana budi kulielewa jambo lenyewe kwa ukamilifu, na kwanza kuyaondoa majibu ya uongo ambayo sisi watu wazima tumeyazoea.

Jibu la kwanza la uongo ni kwamba ndege anaelea kwa sababu ni mwepesi. Tai wa Serengeti ana uzito wa kilo 5 hadi 7 au zaidi, na korongo yule wa Mwaloni anaweza kuwa mzito kuliko huyo. Ndege wa kilo 6 hawezi kuelea hewani kwa wepesi wake.

La pili ni hili la upepo. Upepo uvumao sawasawa juu ya ardhi tambarare hauwezi kumpandisha ndege hata kidogo. Mtumbwi ulioachwa mtoni bila kasia huchukuliwa na maji, lakini kwa kuyatazama maji yaliyouzunguka tu, mtumbwi umesimama. Hauna faida yoyote unayoipata kwayo. Ndege ndani ya upepo ni hivyo hivyo. Hapo wanafunzi watapinga, na watapinga kwa haki, wakitaja tiara. Je, tiara haipandishwi na upepo? Hupandishwa, lakini tiara imefungwa kwa uzi, na uzi umeshikwa na mtoto aliyesimama ardhini. Kateni uzi mwone. Mwewe hana uzi.

Ukweli, ambao kwa mara ya kwanza huonekana kama mzaha, ni kwamba ndege anayezunguka bila kupiga mbawa yuko katika kuanguka wakati wote. Afananishwe na mtu aliye juu ya baiskeli akiteremka mlima bila kukanyaga pedeli. Baiskeli inakwenda mbele kwa sababu inashuka. Mwendo wake inaulipia kwa kimo. Ndege naye huteleza hewani kama kwenye mteremko usioonekana, na kwa kila sekunde hupoteza kimo cha kama mita 1. Sasa fikirini kwamba hewa yenyewe anamoteleza inapanda kwa mita 3 kila sekunde. Atakuwa anashuka ndani ya hewa kwa mita 1, na hewa inamwinua kwa mita 3. Sisi tulio chini tutamwona akipanda kwa mita 2. Wanafunzi wa Mwanza wataelewa haraka wakikumbushwa meli ya kwenda Bukoba. Abiria anayetembea kutoka upande wa mbele kwenda nyuma ya meli anaelekea Mwanza kwa miguu yake, lakini bado atafika Bukoba, kwa sababu meli ina mwendo kuliko yeye.

Kwa hiyo mtoto aliyesema "upepo unambeba" alikuwa na nusu ya ukweli. Kilichobaki ni kumwuliza upepo huo unavuma kuelekea upande gani. Akishasema "kwenda juu", somo limefika pale ambapo kukariri kusingelifikisha. Na yule mvulana wa dirishani angejibiwa kwamba hewa ya moto haimo ndani ya mwewe, bali mwewe ndiye aliyemo ndani yake.

Hapa ndipo tunapopendekeza kuileta glaida. (Lugha yetu huita ndege kiumbe na ndege chombo kwa jina moja, jambo linalochanganya darasa, katika somo hili afadhali kusema "eropleni" kwa chombo.) Glaida ni eropleni isiyo na injini. Huvutwa juu kwa kamba na eropleni nyingine au kwa mashine iliyo ardhini, kisha huachiwa. Tangu hapo rubani hana mafuta wala mota. Ana mbawa ndefu nyembamba na hewa ipandayo, basi. Kwa kila mita 1 inayoshuka, glaida nzuri ya siku hizi huweza kwenda mbele mita 40 hadi 60, ambapo tai huenda kama mita 15. Mwaka 2003 rubani Mjerumani Klaus Ohlmann alisafiri kilometa 3,009 kwa siku moja juu ya milima ya Andes, huko Argentina, akitumia hewa iliyorushwa juu na upepo uliokuwa ukivuka milima ile. Karibu na kwetu, klabu ya michezo hiyo imepata kuwako Mweiga, karibu na Nyeri nchini Kenya.

Wenzetu fulani wamekwisha kutuambia kwamba glaida ni mchezo wa matajiri wa Ulaya na haimhusu mtoto wa Usukuma. Tungekubaliana nao kama tungependekeza kuanza na glaida. Sisi tunasema aanze mwewe, kisha glaida ifuate kumthibitisha. Mtoto anaweza kudhani kwamba mwewe ana siri fulani mwilini mwake, au kwamba hupiga mbawa tusipomwona. Glaida ni chombo kilichoundwa na watu. Haina siri wala misuli. Ikipanda, imepandishwa.

Tena ushahidi mzuri wa kuunganisha viumbe hivi na vyombo hivyo ulipatikana katika nchi yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu Mwingereza, Colin Pennycuick, aliruka juu ya mbuga za Serengeti kwa glaida yenye injini ndogo, akawafuata tai na korongo angani, akizunguka nao katika hewa ile ile iliyowapandisha. Mwaka 1972 alichapisha aliyoyaona. Aliwakuta wanasafiri kama marubani wa glaida wanavyosafiri: hupanda kwa kuzunguka katika nguzo moja ya hewa ipandayo, hunyoosha safari kwa kuteleza huku kimo kikipungua, hukuta nguzo nyingine, hupanda tena. Tai wa aina ya Rüppell, ambao hujenga viota vyao kwenye majabali ya milima ya Gol, huweza kwa njia hiyo kwenda zaidi ya kilometa 100 kuwatafuta nyumbu na kuwarudia makinda yao. Wangelazimika kupiga mbawa njia nzima, chakula walichokipata kingeishia njiani. Na kimo wanachoweza kufikia kinashangaza: tarehe 29 Novemba 1973, tai wa aina hiyo aligongwa na eropleni ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi.

Mwalimu anayependa kuunganisha masomo ana hesabu tele humu. Tuchukue ndege wa kilo 6 aliyepanda mita 700. Nishati aliyoipata kwa kupanda huko ni 6 mara 10 mara 700, yaani jouli 42,000. Namba hiyo peke yake haimwambii mtoto kitu. Mwambieni basi kwamba kuinua ndoo ya maji ya lita 20 hadi kimo cha mita 1 hutaka jouli 200. Ndege yule amepewa nishati ya kuinua ndoo 210, naye hakupiga ubawa. Msichana anayechota maji kila asubuhi ataielewa hesabu hiyo kuliko mkaguzi. Na swali la nani aliyeziinua ndoo hizo ndilo somo lenyewe la nishati: nishati haitokei bure, basi lazima ilipwe na mtu au kitu. Ililipwa na jua. Jua liliipasha ardhi moto, ardhi ikaipasha hewa iliyo juu yake, hewa ikapanda, ndege akaingia ndani yake.

Hesabu nyingine ni ya mwendo. Ndege wawili wanatoka mahali pamoja. Wa kwanza amekuta hewa inayompandisha kwa mita 1 kila sekunde. Wa pili amekuta ya mita 2. Kila mmoja anapanda mita 700, kisha anateleza kilometa 10.5, ambayo ni kama kutoka Mwanza mjini hadi kupita kidogo uwanja wa ndege, kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde. Kuteleza kutawachukua wote sekunde 700. Lakini wa kwanza alitumia sekunde 700 kupanda, na wa pili 350. Wastani wa safari ya kwanza ni kilometa 27 kwa saa. Wa safari ya pili, 36. Kumbe msafiri wa namna hii haharakishwi na kuteleza kwake tu, bali zaidi na ubora wa mahali alipochagua kupandia. Mmarekani Paul MacCready, aliyekuwa bingwa wa dunia wa glaida mwaka 1956, aliitengenezea jambo hili kanuni: kadiri unavyotegemea kukuta hewa yenye nguvu mbele, ndivyo upasavyo kuteleza kwa kasi na kuziacha nguzo dhaifu bila kuzunguka ndani yake. Korongo hawakusoma kanuni hiyo, nao huonekana wakiziacha.

Sasa, hewa hupanda wapi? Sehemu hii ndiyo tajiri kuliko zote kwa shule za hapa, na haigharimu hata shilingi moja. Wapelekeni wanafunzi saa tano asubuhi wakanyage peku mchangani, kisha kwenye nyasi, kisha wachovye miguu majini. Jua ni moja, lakini miguu itatoa majibu matatu. Mawe makubwa ya Mwanza na mapaa ya bati hupata joto upesi na kuipa hewa; ziwa hupokea jua lile lile na kubaki karibu na ubaridi wake wa alfajiri. Ndipo waulizwe: mbona wale wanaozunguka bila kupiga mbawa huwaona juu ya mji na vilima, wala si juu ya maji mbali na pwani? Korongo weupe wa Ulaya, ambao wengine wao hufika Tanzania kati ya Novemba na Machi, huizunguka bahari ya Mediterania kupitia Bosporus au Gibraltar badala ya kuivuka katikati, kwa sababu hiyo hiyo.

Mawingu nayo yafundishwe hapo. Hewa ikipanda hupoa kwa kama digrii 10 kila kilometa 1, na ikifikia kimo fulani unyevu wake huwa wingu. Yale mawingu ya mchana yanayofanana na marundo ya pamba yaliyowekwa juu ya meza ni alama za nguzo zilizo chini yake. Rubani wa glaida huyafuata kama msafiri anavyofuata miti kutafuta maji, na akiona ndege wanazunguka, huwaendea. Karibu na adhuhuri upepo wa ziwani huingia nchi kavu na hewa yake ya baridi, hujipenyeza chini ya hewa ya moto na kuisukuma juu. Mwalimu mwangalifu atawaonyesha wanafunzi kwamba baada ya upepo huo kuingia, mwewe waliokuwa wakizunguka karibu na pwani husogea bara. Wale wanaobaki huning'inia mbele ya vilima, kama Capri Point, pale upepo unapogonga mteremko na kulazimika kupanda.

Tunajua pingamizi litakalotolewa: darasa la watoto 80 halitoki nje likarudi na utulivu. Ni kweli, na tumeona masomo ya nje yaliyogeuka kuwa mapumziko. Lakini si lazima watoke wote. Watoke 10 kwa zamu, pamoja na kiranja na kazi moja iliyoandikwa: hesabuni mizunguko ya ndege mmoja, mwandike saa, semeni kama alipiga mbawa. Wasimame katika kivuli cha jengo, na waonywe kwa ukali wasilitazame jua. Waliobaki ndani watengeneze nyoka wa karatasi: duara lililokatwa kwa mzunguko hadi katikati, likatungikwa kwa uzi juu ya jiko la mkaa ambalo mwalimu mwenyewe amelisimamia. Nyoka ataanza kuzunguka bila kuguswa. Watakaporudi wenzao, kila upande utakuwa na habari ya kuupa upande wa pili, na sentensi ile ya ubaoni iandikwe wakati huo, mwishoni mwa kipindi, kwa maneno yao.

Iko sababu moja zaidi ya kulitilia jambo hili mkazo katika shule za mwambao huu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, ziwa hubaki na joto lake, na upepo huvuma kutoka nchi kavu pande zote kuelekea majini. Pepo hizo hukutana juu ya ziwa, hewa haina pa kwenda ila juu, na mawingu ya radi hujengeka saa ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Ndiyo maana dhoruba za Ziwa Victoria hupiga zaidi usiku na kabla ya mapambazuko, hali zile za nchi kavu hupiga alasiri. Hewa inayomwinua korongo mchana kwa mita 2 au 3 kwa sekunde ni ndugu ya hewa inayoupindua mtumbwi saa tisa za usiku. Watoto wengi katika madarasa mtakayofundisha wana baba au kaka walioko huko usiku huo. Baada ya somo la mwewe, wapeni kazi ya kufanya nyumbani: wakawaulize wavuvi wa mwaloni kwao ni dalili gani wanazozitazama angani kabla ya kusukuma mitumbwi, upepo ukitoka upande gani hurudi, na ni saa ngapi huogopa zaidi. Majibu watakayoyaleta yaandikwe katika daftari la darasa pamoja na hesabu za mizunguko, na tarehe kando yake.